Usilale Chini kwa Papa

Kalembe, siku ya soko

Kaka yangu mpendwa Mbonigaba,

Pokea salamu nyingi huko Walikale, wewe na wifi yangu Umwali. Mko wazima? Sisi tunapumua, Mungu ashukuriwe, ingawa nikisema tuko wazima nitakudanganya. Tangu antena ichomwe hakuna reseau ya simu, kwa hiyo barua hii naituma kwa Kasika wa pikipiki. Isome ukiwa umekaa.

Ulituma neno kwamba barabara imefunguka, na mtakuja wawili kumaliza kilio cha baba yetu, Papa, na kulala chini ndani ya nyumba yake, maana hukumzika. Mama ameshawaandalia mkeka. Ndiyo sababu ninaandika kwa haraka.

Ile nyumba ilifungwa muda wote tuliokuwa wakimbizi. Tuliporudi, Papa alitaka kufia kwake, akafia kwake. Tukalala chini kama desturi inavyotaka, mimi, shangazi Muhawenimana na wamama wengine. Kilio kilipokwisha homa ikatuangusha. Tukameza dawa za malaria, ikaondoka, tukacheka, kisha ikarudi. Shangazi haikumwacha tena. Naye tukamlilia mle mle, juu ya sakafu ile ile. Wajinga ndio waliwao.

Watu wakaanza kusema, «Kahambu njo alitia karuho mu chai.» Unamkumbuka Kahambu, yule Mnande wa duka, ndiye aliyetuletea sukari na majani ya chai bure wakati wa kilio. Sasa akaitwa mtia sumu, na vijana walikuwa wameshaokota mawe. Philippe, infirmier anayetibu kwenye kituo cha afya, ndiye aliyewazuia. Alikuwa amepima damu yangu homa ikiwa juu, akaona vijidudu kama nyuzi zilizojikunja. Akauliza nani alikunywa chai. Wote. Nani aliugua? Ni waliolala chini tu. Akachimbua ufa wa sakafu, akatoa papasi, kupe wa kijivu wanaokunyonya umelala, usisikie kitu, kisha wanarudi udongoni. Alisema nyumba ikiwa tupu wanaweza kukaa na njaa miaka, wakingoja mtu. Mawe yakatupwa chini, lakini hakuna aliyemwomba Kahambu msamaha. Hasira ile ninayo mpaka leo.

Mama nilimweleza. Akajibu kwamba mwenye kukataa kulala chini hakumpenda marehemu, na wadudu wa nyumba yake hawamtishi. Dawa ya kunyunyiza Philippe hana. Na Umwali nasikia ana mimba. Philippe amesema homa hii inaweza kumtoa mtoto tumboni na kumuua mama yake.

Kaka, hilo sikuhitaji kuambiwa. Nami nilikuwa na mimba nilipomlilia Papa. Mume wangu tu ndiye aliyejua. Nilitaka kilio kiishe ndipo niwape ninyi habari njema. Homa iliporudi, mimba ikatoka. Alikuwa wa kiume. Tulimzika sisi wawili nyuma ya migomba.

Kwa hiyo Jumapili, Mama alipokwenda misa, nilitoa picha ya Papa, kiti chake na masufuria, nikaichoma nyumba. Mama sasa yuko kwangu, lakini hanisemeshi. Majirani wananiita mchawi. Wewe ndiye mrithi, una haki ya kunilaani. Nilaani, ila mke wako afike mzima. Mtalala kwangu, juu ya kitanda.

Nisalimie Umwali, umwambie ale vizuri. Tunawangoja.

Ni mimi dada yako,
Dancille