Mpira Niliowafungia Siku ya Ndabibi

Kambi ya Shamba la Ngano,
Njoro.
19 Oktoba 1958

Mpendwa mjukuu wangu Kimutai,

Nakusalimu sana. U mzima huko kazini Tororo? Unakula vizuri? Kile kifua cha baridi kimekuachilia? Mimi ni mzima, isipokuwa goti na huu upweke, na hayo mawili hayana dawa dukani.

Tangu Juni umeniandikia barua moja, tena fupi kama ya karani. Mimi niliyesoma darasa la ubatizo peke yake naandika kurasa mbili. Aibu ni yako.

Ng'ombe wetu mwekundu amezaa dume. Ngano ni nzuri, mvua haikutuonea.

Sasa habari ya timu yetu ya kambi. Nataka uisikie kwangu kabla wengine hawajaiharibu. Mwaka huu vijana walicheza vizuri. Waliwafunga Lanet mara mbili, na ikabaki mechi moja tu, hapa kwetu, na watu wa Ndabibi. Wakishinda, wanatoka daraja la chini.

Unakumbuka ulivyoniachia mpira ulipokuwa kapteni. Ulisema, "Nyanya, uweke, watu wasiuibe." Niliuweka. Kila Ijumaa niliupaka mafuta ya kondoo ngozi isikauke. Na kila Jumamosi mlikuwa mnaingia wote kumi na mmoja, mnakunywa mursik, maziwa yangu ya kugandisha, kutoka kibuyuni, mnanichafulia sakafu, ndipo mnaenda uwanjani.

Ulipoondoka, wakaja watano. Halafu wawili. Siku ya Ndabibi akaja Micah, kapteni mpya, peke yake. Hata hakuingia. Alisimama nje ya ua na kofia kichwani, akapiga kelele: "Mama! Lete mpira, tumechelewa!"

Nikamwambia, "Mama yako yuko kwao. Hapa kuna Kogo, nyanya yenu, na Kogo husalimiwa."

"Nitakusalimu jioni!"

"Basi na mpira utauchukua jioni."

Nikafunga mlango, nikafunga ufunguo kwenye leso, nikaenda kupalilia viazi. Kimutai, sikutaka kuwanyima. Nilitaka waje wote, wakae chini, wanywe, niwakaripie kidogo, halafu niwape. Maziwa yalikuwa tayari. Nililima nikiangalia njia. Hawakuja.

Nikasikia filimbi mara moja, nikasema, ahaa, wamepata mpira mwingine. Kumbe ilikuwa ya mwisho. Mwenye uwanja ndiye huleta mpira, na refa alikuwa amechoka kungoja. Ndabibi wakapewa pointi zote bila kuchafua viatu. Sisi tukabaki pale pale chini.

Hakuna aliyenitukana. Afadhali wangenitukana. Nyapara Kosgei aliwanunulia mpira mpya, unalala ofisini. Sasa Jumamosi hapiti mtu kwangu. Wanazunguka kwa zizi la ng'ombe wasinione.

Jumamosi iliyopita niliutia mpira wako kikapuni, nikawapelekea. Nilisimama kando ya mstari mpaka goti likalia. Micah aliniona. Alivua kofia, halafu akaendelea kucheza. Nikarudi na mpira kikapuni. Chepkurui jirani aliniona nikiupaka mafuta, akauliza, "Unampakia nani?" Nilimfukuza, nikaendelea kupaka.

Siku hizi nafikiri hukuogopa wezi. Nani angeiba mpira uliopasuka mara tatu? Ulijua nitabaki peke yangu, ukaniachia kitu cha kuwaleta watu mlangoni. Mbona hukuniambia, kichwa ngumu wewe? Ningewapa hata kupitia dirishani.

Lile blanketi uliloniahidi usinitumie. Omba likizo ya Krismasi uje. Ukija wewe, wataingia nyuma yako, najua.

Nisalimie mke wako Jepkoech, na umwambie mtoto ajifunze kusalimia kabla ya kuomba kitu. Chepkurui anawasalimu, na shangazi yako Cheptoo pia. Mungu awalinde mkilala na mkiamka, awarudishe njia mliyoendea.

Ndani ya bahasha utaona kitu kizito kimefungwa kwa kitambaa. Ni ufunguo. Kaa nao wewe. Mlango nimeuacha bila kufuli, na kila Jumamosi naweka vikombe kumi na kimoja.

Ni mimi nyanya yako, nikupendaye hata nikikugombeza,

Kogo Wariara Chebet