Kamba ya Kitindamimba

3 Februari

Mama mpendwa,

Shikamoo. Hujambo? Goti linasemaje? Sisi wanao wawili bado tunaezeka ghala hili lisiloisha. Mtandao haushiki, kwa hiyo dereva wa lori la mabati ndiye posta yetu kila Jumanne. Kitindamimba hajambo, anakula kama ana matumbo mawili. Kamba yake ya kiunoni, ya kumzuia asianguke, naifunga mimi mwenyewe kama nilivyokuahidi, naye kila siku analalamika kwamba si mtoto.

Jua la huku halina adabu. Ikifika saa sita bati halishikiki. Jana nilihesabu misumari mara tatu, nikapata idadi tatu tofauti. Jasho nalo limekata, nadhani mwili umeshazoea. Maji yako chini, na msimamizi hapendi tushukeshuke.

Msalimie Bibi. Mwambie kiti chake nitakuja kukitengeneza.

Kifungua mimba wako

4 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Goti lipo. Barua yako nimeisoma mara mbili, nikaogopa. Bibi yako tulimzika mwezi wa kumi, na jeneza ulilibeba wewe. Umesahau vipi?

Jasho kukata juani si mazoea. Marehemu baba yako alianza hivyo hivyo kwenye tanuri la matofali: kwanza maneno yalimchanganyika, kisha mikono ikamkataa. Shukeni mnywe maji, msimamizi anune akitaka. Na kamba ya mdogo wako usiifunge tena. Ajifunge mwenyewe. Nakuondolea ile ahadi.

Mama yako

10 Februari

Mama,

Shikamoo. Barua yako imefika leo. Kitindamimba alianguka jana saa nane. Hatunaye tena.

Alishuka kunywa maji, aliporudi nikamfunga. Nakumbuka, Mama. Nakumbuka nikikaza fundo, naye akinitania kwamba mikono yangu inatetemeka kama ya babu. Lakini kamba ilibaki juu inaning'inia, haina fundo hata moja.

Anarudi kwako na lori lililoleta barua yako. Mimi nimezuiwa na msimamizi mpaka nimalize kuandika maelezo ya ajali. Kila nikianza, naandika kwamba nilimfunga.

Mwanao

12 Februari

Mwanangu,

Leo salamu sina. Tumemzika asubuhi. Dereva amesubiri mazishi, ndiye atakayekuletea barua hii.

Nilikulaani, kisha nikajirudi. Ahadi ile nilikudai mimi.

Andika kwamba jua lilikuwa kali na maji yalikuwa chini. Halafu njoo nyumbani. Ila ukifika, nakuomba, usije ukaniuliza mdogo wako yuko wapi. Hilo sitaliweza.

Mama yako