Achari ya Siyu na Mjumbe wa Kamati

Dada Nekesa,

Natumai mvua ya Bungoma haijawazamisha wewe na watoto. Huku Siyu jua linachoma hata kivulini, lakini leo nimecheka mpaka mbavu zikaniuma.

Unaujua ule mfuko wa chuo chetu unaowasaidia watafiti kushirikiana na wananchi na kufikisha kazi yao sokoni. Ndio unaotuwezesha, mimi na kina mama wa hapa, kutengeneza achari ya embe isiyoharibika upesi. Leo kamati ilimtuma Daktari Barasa aamue kama tuendelee. Alifika amenuna, akasema achari si utafiti.

Bi Zuhura, kiongozi wa kina mama, hakubishana naye. Alimpakulia wali kwa samaki, na kando akamwekea achari iliyo kali kuliko zote. Nilimwona, nikageuza uso nisicheke. Daktari alimeza, machozi yakamtoka, sauti ikapotea.

Bi Zuhura akamwinamia kwa upole. "Bwana, tuendelee na kazi?"

Akakubali kwa kichwa mara kadhaa, huku akinyooshea kidole mtungi wa maji.

"Ameitika kwa kitwa," Bi Zuhura akawaambia wenzake. "Nyote mumemuona."

Alipopata sauti alidai alikuwa akiomba maji. Kina mama walicheka hadi naye akacheka. Kisha akaiarifu kamati kwamba tunaendelea, akaomba chupa ya achari ampelekee mama mkwe wake.

Wabusu watoto. Yako naja nayo. Kabla hujamwonjesha shemeji, fikiria vizuri utakalomwomba.

Mdogo wako akupendaye,
Nafula