Samaki wa Kisima cha Kina Sheeja

Ijumaa, Agosti 2019. Doha.

Joto la leo lina unyevu, madirisha ya huku mtaani kwetu, Fereej Bin Mahmoud, yanatoka jasho kwa nje. Nilikuwa off. Nilitaka kulala tu.

Sheeja, ninayeishi naye chumba kimoja, ni Mhindi wa Kerala, anafanya usafi kwenye hoteli moja West Bay. Wiki hii mama yake alivuta maji kisimani kwao, akakuta kwenye ndoo samaki mwekundu, mwembamba kama uzi, hafikii hata urefu wa kidole changu cha mwisho. Picha ikawafikia watafiti. Wakasema huyo huishi kwenye maji ya chini ya ardhi, wamebaki wachache mno, na kwamba wangefika leo mchana. Kisima kisitiwe kitu.

Leo asubuhi mtoto wa Biju, kaka yake Sheeja, akaamka anaharisha.

Biju akachukua ndoo ya klorini, dawa ya kuua vijidudu vya maji, aimwage kisimani.

Sheeja alinipa simu. "Ongea naye wewe, wewe ni nesi. Mimi hanisikii."

Kwenye video Biju alikuwa amesimama ukingoni mwa kisima. "Sista, huyu angekuwa mwanao, ungengojea samaki?"

Kusema kweli, samaki sikumfikiria hata kidogo.

"Mtoto akilia, machozi yanatoka?" nikamuuliza.

"Hayatoki."

"Basi maji yamemwishia mwilini, mpeleke hospitali sasa hivi. Hiyo dawa haitamsaidia mtu aliyekwisha kunywa. Maji ya kunywa chemsheni, ama mchote kwa jirani. Kisima kitangoja."

Akaiweka ndoo chini, na simu ikakatika.

Hatukujua ameenda hospitali au ameiinua tena. Sheeja alipika chai, ikapoa hapo mezani. Kila nilipomtazama, aliangalia simu.

Alasiri mama yake akapiga. Mtoto amewekewa dripu, ameanza kulia kwa machozi. Watafiti wamechuja maji kwa kitambaa, wamepata samaki wawili, wazima, na Biju mwenyewe ndiye aliyewashikia kamba ya ndoo.

Sheeja alicheka huku analia. Mimi niliingia bafuni nikakaa sakafuni.

Sasa kwao wananiita sista aliyeokoa samaki. Na mtoto angezidiwa njiani, wangeniita nani? Ningelala vipi chumba kimoja na Sheeja?

Zamu yangu inaanza alfajiri, na bado niko macho.