Kioo Kilichotikisa Kichwa

Shoga, leo sina pa kuuficha huu uso wangu wa duara!

Unajua miwani imevunjika na bila miwani sioni mbele. Basi dukani nikavaa fremu za mviringo, nikasimama kwenye kioo, nikabinua midomo. Nikavaa nyingine, nikarembua.

Kioo kikatikisa kichwa.

Shoga, KIKATIKISA KICHWA!

Nikasogea. Kumbe ni dirisha la chumba cha daktari wa macho, na ndani bibi mmoja anapimwa!

Nilitaka kukimbia, lakini Jumatatu naanza kazi. Nikavaa za pembe nne huku nimeinama kwa aibu.

"Hizo hizo, mjukuu wangu!" bibi akapaza sauti. "Uso wa duara unataka pembe, si kubinua midomo!"

Daktari akamgeukia: "Bibi, herufi huzioni, midomo ya binti umeionaje?"

Nimezilipia. Jumamosi kuzichukua utaenda wewe.