Daktari Aliniuliza Kama Nataka Kuzaa Tena

Kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, Malawi. Jumatano, mwezi wa kumi.

Joto limeanza mapema wiki hii na vumbi jekundu linaingia hadi ndani ya sufuria. Nimechoka tangu asubuhi, na sijafanya kazi yoyote ya maana. Nimekaa tu mbele ya cherehani na gauni la watu lisilo na mkono mmoja.

Jana nilienda Lilongwe kwa ajili ya tumbo langu.

Sijawahi kuliandika tumbo langu hapa. Nimeandika juu ya Bukavu tulikotoka, juu ya kwaya, juu ya mvua iliyobomoa ukuta wetu, lakini tumbo nimelificha hata kwenu msionijua, kama ninavyolificha chini ya kitenge. Basi niseme. Nilipobeba mapacha, ngozi ilivutika mpaka nikawa sioni miguu yangu. Walipotoka, tumbo halikurudi. Kisha nikaugua, nikakonda, nyama ikaisha, ngozi ikabaki. Sasa inaning'inia hadi mapajani. Mwezi wa joto kama huu, chini ya mkunjo hutoka vidonda vyenye harufu, na nikikanyaga pedali ya cherehani muda mrefu mgongo unakataa.

Mapacha wana miaka sita. Miaka sita watu wananiuliza nina mimba ya miezi mingapi.

Acha nikiri na hili. Kwenye foleni ya maji wasichana huniambia, "Mama, pita mbele, uko na mzigo." Zamani nilikuwa nakataa. Siku hizi ninapita. Ninashika kiuno kabisa, ninapita.

Muuguzi wa zahanati ya hapa kambini ndiye aliyeniandikia karatasi. Alisema kuna daktari mgeni wa upasuaji, amekuja Lilongwe kwa wiki chache, anatibu bure wenye shida kama yangu. Nikaomba ruhusa ya kutoka, nikapanda kabaza hadi barabara kubwa, nimejishikilia nyuma ya baiskeli ya watu na tumbo linaruka kila tulipokanyaga shimo. Mume wangu, Baba Furaha, nilimwambia naenda kutafuta dawa ya vidonda.

Haikuwa uongo. Wala haikuwa kweli yote.

Kiingereza changu ni cha kubahatisha, kwa hiyo nilimpitia Solange huko Kawale. Ni Mnyarwanda, anauza vitambaa sokoni, na tulikuwa majirani hapa kambini kabla hajahamia mjini. Yeye ndiye aliyetafsiri.

Daktari alikuwa mama wa makamo, mwenye mikono ya baridi. Alinibonyeza, akanigeuza, akanisimamisha, akanilaza. Alisema misuli ya tumbo imeachana katikati, na hiyo ndiyo sababu mgongo unauma. Kisha akachora matumbo mawili kwenye karatasi.

Kwenye lile la kwanza wanakata ngozi inayoning'inia tu, wanashona. Vidonda vinaisha, lakini mgongo unabaki na maumivu yake na tumbo la juu linabaki limelegea. Baada ya wiki chache narudi kwenye cherehani. Kwenye la pili wanakata zaidi, kutoka nyonga hadi nyonga, wanaishona misuli ikutane tena, hata kitovu wanakitafutia mahali papya. Nitakaa muda mrefu bila kunyanyua kitu kizito. Lakini nitasimama wima, alisema, na akanyoosha mgongo wake mwenyewe kunionyesha.

Solange akanigeukia. "Anauliza kitu kimoja. Unataka kuzaa tena? Juu ukifanya hii kubwa, halafu mimba ikuje, kazi yote inaweza kufunguka."

"Hapana," nikasema.

Nilisema haraka mno. Solange alinitazama, kisha akatafsiri, na daktari akaandika.

Neno hilo sikuwahi kulitamka mbele ya mtu.

Tuna mabinti watatu, Furaha na mapacha. Kila jioni kabla ya kula, mume wangu anaomba mtoto wa kiume wa kubeba jina la baba yake, aliyezikwa Bukavu tukiwa tumeshakimbia. Anaomba kwa upole, bila kunilaumu. Mimi ninaitika amina. Na kila baada ya miezi mitatu ninapita zahanati kuchomwa sindano, ili ombi lake lisijibiwe.

Tukiwa tunatoka, Solange aliniambia, "Mama Furaha, chukua ile ndogo. Nyumbani utasema ni vidonda tu, hakuna mwenye atauliza."

Alisema kweli. Ile ndogo ingeponya vidonda na kuniachia siri yangu. Nilirudi kambini nikiwa nimeshaichagua.

Lakini usiku sikulala vizuri, na leo asubuhi nilishindwa kuinama kuokota sindano. Mchana, watoto wakiwa shule, nilimkuta mume wangu mlangoni anashona soli ya kiatu. Nikakaa karibu naye, nikamwambia yote. Upasuaji, zile sindano, na lile "hapana".

Aliacha kushona. "Tangu lini?"

"Tangu mapacha."

"Miaka sita mi naomba," akasema, "na we unaitika amina."

Nilikuwa nimeandaa maneno mengi. Damu niliyomwaga siku ya kuwazaa mapacha, nyumba ya chumba kimoja, huu mwili wangu ambao umemaliza kazi hiyo. Nilisema tu, "Niliogopa utahuzunika."

"Sasa siko na huzuni?"

Hakupaza sauti. Afadhali angepaza. Alivaa kile kiatu hivyo hivyo, soli imefunguka, akaondoka. Nilimsikia akiburuta mguu mpaka alipopita nyumba ya jirani.

Nilikaa hapa mbele ya cherehani. Sikulia. Nilikuwa kama mtu aliyetua kitu chini na mabega bado yanauma.

Amerudi jua likiwa linashuka. Amesimama mlangoni, ananiangalia mikono badala ya uso.

"Ile kubwa," akasema. "Banakukataza kunyanyua vitu kwa muda gani?"

"Miezi miwili. Labda zaidi."

"Nitaambia dada yangu wa Nsungwi akuje kukaa na batoto."

Halafu akavua kiatu, akakaa, akaendelea kukishona pale alipokuwa ameachia.

Sijui kama huo ni msamaha. Sikumuuliza, sina nguvu ya kusikia jibu. Nimemwandikia Solange kwamba nachukua ile kubwa, amwambie daktari kabla sijabadilisha mawazo. Ameuliza, "Una hakika?" Nimejibu ndiyo.

Bado kuna mwanga nje, na watoto wanacheza. Mimi naenda kulala.