Maneno ya Dirisha Jeusi

Jumatatu, 3 Machi 2025
Leo nimefanya ujanja kazini. Wateja wanaokodi kompyuta hapa steshenari kwetu wanapenda lile dirisha la faragha la intaneti — wenyewe wanaliita dirisha jeusi — kwa sababu halibakizi kitu. Bosi anataka kujua wanatafuta nini, tuandae fomu mapema. Nikaingia kwenye setingi. Dirisha la kawaida nikaliacha na mtambo wake wa kutafutia, lile jeusi nikaliwekea wa kwangu. Mtu akiandika, maneno yanapita kwangu kwanza, yanabaki kwenye orodha, ndipo anapata majibu yake. Nimeuweka hapa Makambako na kwenye tawi letu la Njombe. Nilijiona fundi kweli!

Jumatano, 5 Machi
Fomu za ajira, matokeo, mbolea ya ruzuku. Halafu moja ya Njombe: “nimesahau njia ya kuludi nyumbani.” Mimi na Jasmine, mwenzangu wa kaunta, tuliicheka hiyo “kuludi” mpaka machozi. Nikaiweka stetasi kwenye simu yangu. Watu arobaini wameangalia.

Ijumaa, 7 Machi
Njombe tena. “dawa ya kulejesha kumbukumbu.” Halafu: “mtu akisahau majina ya wajukuu ni ugonjwa gani.” Kicheko kikaniisha. Nikampigia Linus, wa tawi la kule. Akasema ni mzee mmoja, huja akitoka misa ya asubuhi, anaandika kwa kidole kimoja. Ana binti Makambako, anafanya kazi ya kompyuta, na hataki ajue.

Baba.

Hajui, au amesahau, kwamba maduka haya ni ya mtu mmoja. Na mimi nimemweka stetasi watu wamcheke! Nimefuta. Lakini arobaini wameshaona. Aibu hii sina pa kuiweka.

Jumapili, 9 Machi
Nimekwenda Njombe kumwambia. Kwenye basi nilikuwa na maneno yote. Nikamkuta anachambua mbegu za viazi. Shikamoo, marahaba, kamwene ya kikwetu, nikakaa kumsaidia. Akanitangulia yeye.

“Binti, wewe ndiye unayejua haya mambo. Lile dirisha jeusi, kweli hakuna anayeona?”

Nikasema hakuna, baba.

Akashusha pumzi. Akanifungia viazi ndoo nzima nirudi navyo, na mimi nikapokea. Mtu mzima, namdanganya baba yangu usoni.

Jumatatu, 10 Machi
Nimefungua setingi asubuhi hii niondoe ule mtambo wangu. Nikaona niangalie orodha kwa mara ya mwisho. Ya Njombe, leo, saa moja na nusu:

“binti yangu wa makambako anaitwa nani.”

Jana siku nzima aliniita binti tu. Sikugundua.

Kitufe cha kuondoa kiko hapa mbele yangu. Jasmine anauliza kulikoni, foleni imefika mlangoni. Nikiondoa, kesho sitajua baba amesahau nini tena. Nimemwambia asubiri kidogo. Bado sijabonyeza —